Kwa Heshima ya Bangi Pori

Siku hiyo niliaga asubuhi kwamba naenda kwenye palizi, jembe begani, kidumu cha maji mkononi. Sikufika. Njiani, hapahapa Katandala, Sumbawanga, niliwakuta wenzangu kwenye benchi wakibishana habari za mpira, nikasema nipumzike kidogo, na hicho kidogo kikafika saa kumi jioni. Kabla ya kurudi nyumbani nikapita kwenye mtaro nikajipaka tope miguuni, jembe nalo nikalichovya, maana mtu mzima hafanyi mambo nusunusu. Mama watoto hakutazama tope. Alinipokea jembe, akasogea karibu na shati langu, akavuta pumzi mara moja.

"Baba watoto," akasema kwa ule upole unaotisha, "shamba gani hilo umepalilia lisilokuwa na bangi pori?"

Tangu jioni ile mmea huo unanidai shairi la sifa. Kwa kuwa ushairi sina, nalipa kwa nathari.

Nianze na jina, kwani hapo ndipo mmea huu ulipoonewa kwanza. Bangi pori si bangi. Hazina undugu hata wa kusingiziwa. Watu waliona tu majani yaliyochanikachanika, yenye meno ya msumeno, wakatoa hukumu. Hebu fikiria kubeba jina la mtuhumiwa maisha yako yote, na bado ukasimama peupe kando ya barabara, mbele ya shule na ofisi za serikali, bila kukimbia wala kulala rumande hata usiku mmoja. Wasomi nao hawakuutendea haki zaidi. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyegawa majina ya Kilatini kwa mimea ya dunia nzima, aliuita Tagetes minuta. Minuta ni kidogo. Mmea unaonipita kimo, unaofika mita mbili ukipata udongo mzuri, eti kidogo! Bila shaka mzee alitazama ua tu: kijibomba chembamba cha rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, urefu wa sentimita moja na ushee, na juu yake vipetali viwili vitatu vilivyopauka, vinachungulia kama watoto dirishani.

Ila kwenye Tagetes alipatia. Jina hilo linahusishwa na Tages, ambaye Waetruski, watu wa kale wa Italia, walisimulia kwamba alichomoza kwenye udongo uliokuwa ukipinduliwa na plau, sura ya mtoto, hekima ya mzee, akaanza papo hapo kuwafundisha watu uaguzi. Mtoto anayechomoza nyuma ya plau akiwa tayari anajua yaliyofichika! Msimulie habari hiyo mkulima yeyote wa huku kwetu Ufipa anayeshika plau nyuma ya maksai mwezi wa kumi na mbili. Hatashangaa. Atauliza tu kwa nini Waetruski walipata mmoja na yeye anapata laki tatu.

Na uaguzi ulihitajika wapi zaidi kuliko huku? Wageni wakisikia Sumbawanga huwaza uchawi kwanza, mahindi baadaye. Jina lenyewe tunaambiwa ni la Kifipa: sumba, tupa, wanga, uchawi. Katika mji uliozushiwa siri nyingi kiasi hicho, limeota jani lisilojua kutunza siri hata moja. Chuma jani lake, uliinue kuelekea jua. Utaona vitone vinavyopitisha mwanga, kama mtu ametoboa kwa sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Ukilibana kidogo tu kati ya vidole, vinapasuka, na harufu inayotoka imekaa kati ya ganda la chungwa, mnanaa na tufaha lililoanza kuchacha. Nawa kwa sabuni, nawa tena. Saa ya chakula cha usiku bado unajulikana ulikotoka.

Hata ng'ombe hafichiki. Jirani yangu, bibi mmoja anayeuza maziwa, siku moja ng'ombe wake alikata kamba akajilia alichokitaka. Kesho yake mteja akaonja chai, akaweka kikombe chini, akavuka uzio. "Shikamoo bibi," akasema. "Huyu ng'ombe wako jana alishinda wapi?" Maana maziwa ya ng'ombe aliyekula bangi pori hubeba harufu yake. Bibi alimtazama ng'ombe, ng'ombe akatazama pembeni. Nilimwonea huruma, nilijua anavyojisikia.

Wanasema ni mvamizi. Kweli, kwao ni kusini mwa Amerika: Argentina, Chile, Bolivia, Peru na majirani zao. Haya, tuwahesabu basi waliomo shambani kwangu. Mahindi, asili yake Meksiko. Maharage, Amerika. Viazi mviringo, milima ya Andes. Alizeti, Amerika ya Kaskazini. Katika mkutano wote huo mwenyeji wa Afrika ni ulezi peke yake, na yeye tumemsukumia kwenye kipande cha pembeni kwa ajili ya uji na pombe. Wale wengine tuliwaletea mbolea, tukawajengea maghala, tukawaita mazao. Huyu aliyewafuata ndugu zake kwa nguvu zake mwenyewe, asiyeomba mbolea wala dawa wala mkopo wa pembejeo, ndiye tunamwita gugu. Na hapo sijasema kwamba yeye na alizeti ni ukoo mmoja kabisa, mtu na binamu yake. Alizeti anapelekwa mashineni kwa gari. Binamu anang'olewa na kutupwa mpakani, na akitupwa na mbegu zake, mwakani anaanzia hapohapo mpakani.

Mbegu ndiyo kazi yake kubwa, na hapo sifa zinanizidi. Ni vijiti vyeusi vyembamba, havifiki sentimita moja, na kwenye ncha vina vigamba vilivyochongoka. Ukipita mwezi wa tano kati ya mahindi yaliyokauka, vinaingia kwenye sweta kama sindano za fundi na kusafiri kuelekea ndani tu. Kurudi nje havitaki. Nimewahi kuvikuta kwenye soksi, kwenye pindo la suruali ya kanisani, na kimoja ndani ya Biblia. Mmea mmoja hutoa maelfu yake. Afrika Kusini wanauita khakibos, kichaka cha kaki, kwa kuwa inasimuliwa kwamba ulisambaa na malisho ya farasi yaliyoagizwa kwa jeshi la Waingereza, wale wa sare za kaki, walipopigana na Makaburu, 1899 hadi 1902. Mkataba wa amani ulisainiwa, askari wakapanda meli wakarudi kwao. Gugu halikusaini kitu.

Huku kwetu limejichagulia nyanda za juu. Ukienda Mbeya unalikuta, Njombe unalikuta, Lushoto, Arusha, mpaka milimani Kenya na Ethiopia. Popote udongo ulipochokozwa limewahi: shamba lililopumzishwa, ukingo wa barabara iliyochongwa, kiwanja cha mtu aliyeweka msingi wa nyumba halafu hela ikakata. Katandala viwanja hivyo vipo, na ninaapa hakuna aliyevitunza kwa uaminifu kama bangi pori. Mwenye kiwanja yuko mjini mbali, jirani ana mambo yake. Bangi pori imesimama bega kwa bega kutoka kigingi hadi kigingi, haimruhusu hata mbuzi apunguze urefu wake.

Peru wanaiita huacatay. Wanaisaga majani mabichi kuwa rojo la kijani, wakaila na viazi, na haiko kwenye orodha ya magugu ya aibu bali kwenye orodha ya viungo. Viazi ni vilevile tulivyo navyo sisi. Tumechukua viazi vya watu tukakataa mchuzi wake. Kwingine huikamua mafuta yanayoingia kwenye manukato ya bei mbaya, kwa kipimo kidogo sana, kwani yakiwa mengi na jua likipiga, ngozi huweza kuungua. Kwa hiyo yule dada anayepita hapa akiziba pua huenda kajipulizia chembe yake asubuhi. Sikumwambia; si kila ukweli ni wa kumkimbilia mtu nao barabarani.

Chini ya ardhi inafanya kazi ambayo haijitangazi. Mizizi yake hutoa sumu inayowadhuru minyoo fundo, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaovimbisha mizizi ya nyanya na maharage. Wazee wa Ufipa, waliokuwa wakikata nyasi na magugu na kuyafukia chini ya vilima vya udongo yaoze, na kupanda maharage juu yake, hawakuhitaji maabara kuwaambia kwamba adui akilazwa vizuri huwa mbolea. Majani makavu watu huyapanga kati ya tabaka za maharage gharani kufukuza wadudu, na tawi bichi huwekwa chini ya kuku anayeatamia ili viroboto wahame. Kuku wangu mmoja alihama pamoja nao, lakini yule tangu mwanzo alikuwa na tabia zake.

Hasara zake siwezi kuzificha, nisije nikaonekana nimehongwa. Ukiiachia wiki tatu wakati mahindi yako magotini, inayafunika, na huoni tena mistari uliyopanda kwa kamba. Utomvu wake huwasha ngozi ya watu wengine. Migongo imepinda kwa ajili yake Ufipa nzima, na wangu umo. Lakini taja shujaa wa tenzi ambaye hakuwaumiza watu.

Mwaka huu, wakati wa kuvunja mahindi, benchi liliniita tena. Safari hii nilikuwa nimesoma. Jioni nilipita kando ya mtaro, ambako mimea michache ilikuwa bado mibichi, nikachuma tawi nene, nikasugua kifua, mikono, hata shingo na kofia. Nikanuka kama shamba zima. Mama watoto alinipokea mlangoni, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamshukuru Tages kimoyomoyo.

Kisha akainama, akashika pindo la suruali yangu, akaligeuza taratibu huku na huku, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Mwezi wa sita huu, baba watoto," akasema, "na hata mbegu moja hukuokota?"