Jinsi ya Kuzimaliza Ngoro za Mbuji kwa Siku Moja

Wamatengo wa Mbinga wamechimba ngoro, mashimo yao ya kilimo cha mlimani, vizazi na vizazi. Wewe utazielewa kati ya chai ya asubuhi na machweo, mradi ufuate maelekezo haya.

Chagua msimu usiofaa. Machi, mvua zikielekea ukingoni, watu wako milimani wanachimba na kupanda maharage. Ungeona kazi yenyewe, lakini ungeloa. Njoo Julai, maharage yameshavunwa na baridi imekolea, nawe umevaa bukta. Raba ziwe nyeupe, maana udongo wa huku ni mwekundu na unapenda wageni.

Kutoka Songea hadi Mbinga ni lami. Ukifika mjini, chukua bodaboda ya kwenda Mbuji, na bei usiitaje. Mwambie kijana, "Twende tu mdogo wangu, tutaelewana." Mtaelewana huko juu mlimani, mkiwa wawili tu, na mwenye pikipiki ni yeye.

Mbuji wana jiwe lao kubwa, na wenyeji watakuambia kwamba halipandwi hivi hivi, lazima upitie kwa wazee. Muulize mzee kama anatoa risiti. Shikamoo unaweza kuirusha ukiwa unaondoka.

Sasa ngoro zenyewe. Kama uliona picha za matuta ya mpunga ya Banaue, kule Ufilipino, huku hakuna ngazi wala maji yanayong'aa. Kuna mlima mzima uliojaa mashimo ya pembe nne, safu juu ya safu, kama trei la mayai lililoegeshwa ukutani. Uliza kwa sauti, "Mbona hawakutengeneza matuta ya kawaida?" Mwenyeji wako atakueleza kwa upole ambao hukuustahili. Nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke, kisha zinapangwa kwa mistari inayokatana mpaka itokee miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa kwa jembe la mkono na kufukia zile nyasi, na kingo zinainuka pande zote nne. Maharage yanapandwa kwenye kingo hizo, huku nyasi zikioza chini yake na kuwa mbolea. Msimu unaofuata yanakuja mahindi. Mvua ikipiga, kila shimo linabaki na maji yake na udongo wake, na bondeni hakishuki kitu cha maana. Akianza kukusimulia jinsi mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yalivyowabana babu zake kwenye miteremko hii hadi kila kipande kikabidi kilimwe, tazama saa.

Atasema, "Sisi huwa tunachimba hivi." Usiulize "sisi" ni nani. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Kuchimba na kupanda ni kazi ya wanawake, na anayekueleza ana mikono laini kidogo. Mkewe yuko nyuma ya nyumba anachuma kahawa. Mwite, "Mama, samahani," mwombe aache kikapu, ashike jembe, ashuke shimoni ainame. Julai hakuna anayechimba, lakini picha haijui mwezi. Akiuliza ainame mpaka lini, mwambie mwanga bado.

Kabla ya kuondoka, toa ushauri wa kitaalamu. Kwa tabia hiyo wewe si wa kwanza. Waingereza waliwasukuma Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye milima ya Uluguru, na mwaka 1955 watu wakachoka, zikazuka ghasia. Umatengoni udongo ulikuwa umeshashikwa mlimani bila bwana shamba kupiga filimbi. Watafiti wa Kijapani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliofika miaka ya 1990, waliona waanze kwa kuuliza na kupima mashimo. Hiyo ni njia ndefu. Wewe una dakika arobaini, basi pendekeza trekta.

Ukikaribishwa ugali na maharage ya ngoro hizo hizo, sema umeshiba, kisha fungua biskuti. Kahawa usiombe. Imekuzunguka pande zote na nyingine imeanikwa mbele ya mlango, ila hiyo ni ya kwenda sokoni; utaletewa chai ya rangi. Ina tangawizi, na kwa maoni yangu inaishinda kahawa nyingi za hoteli.

Jioni teremka ziwani, Mbamba Bay, kuna lami pia. Jua linazama ng'ambo, upande wa Malawi. Piga picha unavyotaka, ila usiandike "Ziwa Malawi" ukiwa umekaa na wavuvi wa Nyasa. Hilo hawana utani nalo. Agiza mbasa wa kuchoma, na wakati unasubiri, andika mtandaoni kwamba umeishi na Wamatengo. Dada anayehudumu akichungulia simu yako na kukuambia kwao ni Mbuji, kisha akauliza ulifikia kwa nani, mwambie bando limekata.