Namna ya Kucheza Rafu Ukutani

Kiswahili kilituonya mapema. Rafu ni ubao wa kuwekea vitabu, na rafu ni kumkwatua mwenzako ndani ya boksi. Ukimaliza mwongozo huu utajua kwamba hayo si maneno mawili.

Anza kwa kugombana na fundi. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam walioshika msumeno walianzia hapo. Fundi amepokea hela ya utangulizi, ile isiyo na tofauti na kishika uchumba, na tangu hapo kila ukimpigia simu yuko njiani, huku nyuma yake unasikia randa ikikwaruza mbao za mtu mwingine. Wiki ya tatu utajikuta umetamka: "Kwani kupigilia ubao kuna ugumu gani?" Hongera. Sasa wewe ni seremala.

Nenda yadi ya mbao ukaulizie mninga. Utatajiwa bei, utasema, "Nazunguka kidogo narudi," na hutarudi. Utaangukia kwenye paini, ile inayoshushwa na malori ya Mufindi na Njombe. Si mbao mbaya; mapaa mengi ya mji huu yamelalia hiyo hiyo. Tabu ni kwamba mara nyingi huuzwa ingali mbichi. Uinue ubao, utausikia uzito wa maji, na muuzaji atakuapia kwamba ni mkavu. Chagua ulionyooka kuliko wote, ila usijisumbue sana, kwa sababu utanyooka mpaka nyumbani tu. Ubao mbichi ukikauka husinyaa, kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, na upande mmoja ukitangulia kukauka, ubao wote hujikunja kama chapati. Seremala mwenye akili hupanga mbao zake kivulini, akaziwekea vijiti katikati hewa ipite, akangoja wiki kadhaa. Wewe huna wiki kadhaa. Una Jumamosi.

Kama umenunua zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye ukijani, kuna neno ambalo silisemi kwa utani: maranda na vipande vyake visiwashiwe jiko. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, na moshi wake si wa kuivishia ugali.

Haya, shika tepu. Kwenye ncha yake kuna kijichuma kinachochezacheza. Usikitengeneze! Cha kwangu nilikigonga nyundo mpaka kikakaza, nikajisifu siku mbili, ndipo kijana wa duka la vifaa vya ujenzi akaniambia kwamba kule kulegea ndiko kazi yenyewe: kijichuma husogea kwa unene wake, ili ukikisukumia ukutani au ukikivuta kwenye ukingo wa ubao, kipimo kiwe kilekile. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mzee kwamba amevaa shati nje ndani.

Halafu kata. Ubao wa futi 12 unatoa vibao vinne vya futi 3. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Msumeno haukusoma shule hiyo. Kila ukipita unatoza ushuru wa milimita tatu hivi, na baada ya kupita mara tatu, kibao cha nne kimepungukiwa karibu sentimita nzima. Hicho ndicho kitakachokaa chini, nyuma ya sofa. Mstari wa penseli ufuate inchi mbili za mwanzo, basi. Mbele ya hapo msumeno hushika njia zake.

Msasa na vanishi havina hadithi. Piga, paka, nawa mikono.

Sasa ukuta. Usitoboe moja kwa moja juu ya swichi, kwa sababu aghalabu ndimo waya zinamoshukia kutoka darini. Drili azima kwa jirani. Ataileta mwenyewe, ataomba kiti, na atakaa akushauri. Matofali yetu ya bloku hayajanyimwa mchanga, kwa hiyo keekee ya milimita nane inakuachia tundu la kupitisha dole gumba. Hapo fisha, kile kiplastiki alichokibuni Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, inaingia bila hodi na kutoka bila kwaheri. Kazi yake ni kutanuka skrubu inapoingia, ikaze kuta za tundu, na kwako haina cha kukaza. Mimi nilijaza saruji, nikalala, nikatoboa upya. Jirani alisema angekuwa yeye angeshindilia njiti za kiberiti.

Tumefika kwenye pimamaji, na hapa nakusihi ujifikirie kabla ya kuinunua. Nilipoiweka juu ya rafu, kipovu kilitulia katikati kabisa. Nikarudi nyuma kutazama kazi ya mikono yangu.

"Baba, mbona imelala?" mwanangu akauliza.

Nikapima tena, sawasawa. Kwa udadisi nikapima fremu ya dirisha. Nikapima sakafu. Nikapanda ngazi nikapima dari. Kitu pekee kilichonyooka katika nyumba ile, niliyoijenga kwa mkopo wa miaka saba, kilikuwa rafu yangu, na ndiyo iliyoonekana ina kasoro. Jicho halina maji ndani yake. Hulinganisha kitu na jirani yake. Rafu ikiwa chini ya dari iliyoinama, dari ndiyo itakayoaminiwa, kwa kuwa ni kubwa na ilitangulia kufika.

Fungua skrubu za upande wa kulia, shusha kidogo, simama mlangoni, shusha tena. Rafu ikishapinda kama dari, kila aingiaye atasema, "Umeiweka vizuri, imenyooka." Pimamaji niliirudisha stoo siku hiyo hiyo, maana nilishaanza kuutazama mlango wa choo kwa jicho baya.

Vitabu vinene viweke upande ulioshuka, vizuie vyembamba. Cha mviringo chochote kikae jikoni, hasa ukiwa na mgeni. Mama mkwe alipokuja, aliweka chungwa lake pale juu ili atoe miwani mkobani, na tukalisikiliza wote likienda.