Usilipeleke Koti la Mjini Ziwani: Mambo 8 ya Kukagua, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mwenzako wa kazini amekualika: Jumamosi mnakwenda Mille Lacs kuvua samaki kwenye barafu. Umeishi Minnesota miaka mitatu, na lile koti jeusi refu limekuvusha salama, kutoka mlangoni hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi dukani. Ukajisemea, koti ninalo.

Ndugu yangu, huna.

Hilo ni koti la kutembea dakika tano. Kule unakwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, asubuhi hadi jioni, katikati ya ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 500, upepo ukija moja kwa moja bila mti wala ukuta wa kuusimamisha. Mbele yako kuna tundu la ukubwa wa sahani ya wali, nawe umelikodolea macho. Mtu anayetembea hujipasha moto mwenyewe. Anayekaa hupashwa na nguo zake. Basi kabla ya kutoa pesa, tukague pamoja, tukianzia la chini.

8. Rangi

Nyeusi ibaki kanisani na harusini. Ziwani vaa rangi ya machungwa, manjano au nyekundu, yenye mikanda inayong'aa ikimulikwa, mabegani na mgongoni. Januari giza huingia mapema, na pikipiki za theluji hukata mbuga hapo hapo ulipoketi. Dereva wake hana haja ya kujua kama nyeusi inakupunguza unene. Anataka kukuona tu, apinde.

7. Mifuko

Ihesabu. Kisha vaa glovu uihesabu tena: mfuko usioingia mkono wenye glovu ni pambo. Mifuko ya kutia mikono iwe juu, kifuani, maana ya kiunoni hujikunja ukikaa. Na uwepo mmoja wa ndani kabisa kwa ajili ya simu, karibu na joto la mwili. Betri ikipigwa na baridi kali huweza kuzimika ingali na chaji, na simu hiyo ndiyo utakayoitia msaada siku mambo yakiharibika.

6. Zipu

Hapa ndipo koti la kazi na koti la sura huachana njia. Nenda dukani na glovu zako nene, zivae mbele ya muuzaji, kisha fungua na kufunga kila zipu uionayo. Ukilazimika kuvua glovu hata mara moja, asante, kwaheri. Tafuta meno makubwa ya plastiki. Yale madogo hujaa maji ya tundu na mvuke wa pumzi, yakaganda, ukabaki umefungiwa ndani ya koti kama barua kwenye bahasha. Kishikio kiwe na kamba fupi ya kuvutia, na nyuma ya zipu kuwe na kipande cha kitambaa cha kuzuia upepo.

Suruali nayo iwe na zipu ndefu ubavuni, ipande walau hadi juu ya goti, uweze kuivaa bila kuvua buti. Na haja ndogo, jamani, tuzungumze kama watu wazima: saa ya kubanwa si saa ya kujifunza nguo. Akina mama, zipo suruali za ziwani zilizoshonwa kwa ajili yenu, sehemu ya nyuma inafunguka bila kushusha kamba za mabegani. Muuzaji akikuonyesha ya kiume iliyopunguzwa saizi tu, mwambie akatafute tena stoo.

5. Kofia na mikono

Kofia ya koti iweze kuvaliwa juu ya kofia ya sufu, na igeuke pamoja na kichwa. Mwisho wa kila mkono kuwe na kitambaa cha ndani kinachobana kifundo, kwa sababu samaki akifika tundini utatumbukiza kiganja, na maji yale yanapenda sana kutembelea kiwiko.

4. Magoti na makalio

Wengi huangalia kifua cha koti kwanza. Mimi naanza na magoti. Mvuvi wa barafu hupiga magoti siku nzima: kuchota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, kufungua ndoano, kuchungulia chini. Barafu iliyochanwa na keekee ina makali kama msasa, inakula kitambaa chembamba. Kwa hiyo shika goti la suruali kati ya kidole gumba na cha shahada, ulisugue. Liwe nene na kavu mkononi, nailoni nzito kama ile ya mabegi ya safari. Lebo ikisema Cordura, na unene wa denia 500 kwenda juu, hapo kuna mazungumzo. Ndani ya magoti na makalio kuwe na sponji. Ndoo haina huruma.

Sasa geuza suruali ndani nje, palepale dukani. Fuata mshono kwa kidole. Kama umezibwa, utaona utepe laini, mwembamba, umebandikwa juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna utepe? Basi kila tundu la sindano ni mlango, na maji hayabishi hodi. Neno "haipitishi maji" lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa halina maana kama nyuma yake mishono iko wazi.

3. Ukubwa

Joto la nguo limo katika hewa iliyotulia kati ya vazi na vazi. Koti likikubana, hewa hiyo imefukuzwa, na ulichobakiwa nacho ni kitambaa cha bei ghali. Lijaribu ukiwa umevaa sweta nene, kisha chuchumaa, inua mikono, inama kama unachungulia kisima. Watu watakutazama. Nawe watazame, uendelee kuchuchumaa. Mgongo ukionekana kiunoni, chagua suruali ya ovaroli inayopanda hadi kifuani. Mimi sina mjadala hapo: ovaroli, kila safari.

2. Kilichojazwa ndani

Duka zima litakusifia manyoya ya bata. Ni kweli, yakiwa makavu hakuna kitu chepesi kinachoyashinda kwa joto. Yakilowa hushikamana madonge madonge, na joto linaaga. Ziwani kulowa hakukwepeki: theluji inayeyuka mapajani, maji yanaruka, na jasho ndilo linalosahaulika. Jaribu kutoboa barafu ya nusu mita kwa keekee ya mkono uone kama hutatota. Ujazo wa nyuzi za viwandani ni mzito kidogo, lakini ukilowa bado unakutunza. Chukua huo. Manyoya yapumzike mjini.

Chini ya koti, pamba marufuku. Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo kifuani kama kitambaa cha kupoza homa. Vaa sufu laini kwenye ngozi, flisi juu yake, halafu koti. Na kabla ya kutoboa, fungua zipu ya koti. Ukimaliza, pumzika kidogo, funga. Jasho la dakika kumi hulipwa kwa kutetemeka mchana kutwa.

Nikukumbushe jambo ulilokwisha kuliona nyumbani. Nairobi na Kampala, madereva wa bodaboda huvaa makoti ya theluji ya mtumba kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kikiwa kimezibwa kabisa. Wamejifunza kwa kazi yao kwamba adui ni upepo unaopita kwenye uwazi mdogo. Ganda la nje la koti lako lifanye kazi hiyo hiyo: lisipitishe upepo, hata kidogo.

1. Lielee

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na haya yamefunikwa. Idara ya maliasili ya Minnesota hutaja inchi 4 za barafu mpya, safi na ngumu, kama sentimita 10, kuwa ndicho kima cha chini cha mtu kutembea. Lakini ziwa halina unene mmoja. Penye mkondo, penye chemchemi, panapoingia mto, barafu hudanganya.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyejitumbukiza mwenyewe mara nyingi katika maji ya baridi kwa utafiti, amefundisha hesabu ya kukariri: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Umeiona ile 10? Ndiyo dirisha lako la kutoka. Suti inayoelea, yenye sponji isiyonyonya maji, hukuweka kichwa juu katika dakika hizo, badala ya kuzitumia kupambana usizame.

Soma lebo kwa makini. Nyingi zimeandikwa kwamba husaidia kuelea, na hazikuidhinishwa kuwa jaketi la kuokolea maisha. Zinasaidia kweli, ila jua unachonunua. Kisha ning'iniza shingoni misumari miwili yenye vishikio. Ukianguka, geukia ulikotoka, ichome kwenye barafu, piga miguu, jivute kifudifudi. Ukitoka usisimame: bingirika hadi mbali na tundu.

Suti ya namna hii hugharimu mamia ya dola, nami nasema anzia hapo hata kama glovu utaazima. Kwa hiyo ukifika kwa mwenye duka, kabla ya habari za rangi na punguzo, muulize swali moja: hii inaelea? Akibabaika, irudishe kwenye hanga.