Kibali cha Sultani, nywila ya ruti

Ofisi moja mjini Bagamoyo imebandika nywila ya ruti (root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye Linux) ukutani, kando ya kalenda, mgeni asipate taabu. Kijana wa mafunzo akitaka kuweka programu ya kupunguza ukubwa wa picha, anakabidhiwa mashine nzima ya Linux. Programu ikigoma, wanapiga amri ya chmod 777: kila mtu asome, aandike, aendeshe. Kazi inakwenda, wanasema.

Wangeuliza historia ya mji wao. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliipa kampuni ya Wajerumani kibali cha kukusanya ushuru na kutawala pwani hii kwa jina lake. Agosti bendera ya kampuni ikapanda, amri zikawa zake. Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani wakashika bunduki. 1891 Berlin ikajitwalia pwani moja kwa moja.

Kwa ruti dawa ipo: amri ya sudo humruhusu mtu aliyetajwa kuendesha amri zilizotajwa tu, na kila alichoendesha huandikwa kwenye kumbukumbu. Lakini hilo lahitaji kusoma kurasa mbili, na ofisini wametingwa: wiki hii wanamsaka aliyefuta orodha ya mishahara. Wenye ruhusa ni wote, kwa hiyo aliyefanya hayupo.