Vitumbua vya Nakhon

Nchi inayomtesa mgeni si ile isiyofanana na kwao hata chembe. Huko mtu hukaa macho. Taabu ni nchi iliyofanana na kwenu robo tatu, ikakuacha ujiachie, kisha ikakufanyia vituko kwenye ile robo iliyobaki.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nafundisha Kiingereza shule ya msingi huku Nakhon Si Thammarat, kusini mwa Thailand. Minazi ipo. Jua la utosini lipo, mvua isiyopiga hodi ipo, adhana ipo, na wanawake wa mitandio wanapita na pikipiki, mtoto mbele, mboga nyuma. Ukishuka hapa na usingizi wa safari unaweza kudhani ndege ilizunguka angani ikakurudisha uwanja wa Moi.

Asubuhi sokoni kuna mama na chuma chake chenye vishimo, anamimina unga wa mchele na tui la nazi. Vitumbua! Wao wanaviita khanom krok, na roho yangu haikutaka maelezo zaidi. Nikauma kimoja, nikakutana na majani ya kitunguu. Sisemi ni vibaya. Siku hizi navila kila wiki. Nasema tu kwamba mdomo ulikuwa umeshajiandaa kwa iliki. Embe bichi nalo ni vivyo hivyo: chumvi na pilipili zipo kama kwetu, halafu pembeni kuna bakuli la mchuzi mzito wa sukari na samaki, umenyunyiziwa uduvi.

Usafiri wa mjini ni songthaew, pikapu iliyofunikwa yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Makanga hakuna. Mtu aliyelelewa na matatu, bila makanga ni yatima: nani atamwita, nani atamsukuma, nani atamwapia kwamba kuna nafasi ya wawili mahali pasipotosha hata mmoja? Ukitaka kushuka unabonyeza kengele iliyo darini, ukishashuka unaenda kumlipa dereva dirishani. Mimi mkono wangu una mazoea yake. Tulipokaribia kituo ukagonga bodi, ngo-ngo-ngo! Dereva akasimama palepale, akashuka, akaanza kukagua tairi. Abiria wawili wakashuka kumsaidia. Mwishowe tulikuwa sote tumeinama kuchungulia uvungu wa gari, mimi nikiwamo.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya siku ya mbwa.

Jioni watu wa hapa hujaa uwanjani kufanya mazoezi. Vijana wanakimbia, akina mama wanacheza erobiki kwa muziki wa kutikisa vioo. Ifikapo saa 12 kamili, vipaza sauti hupiga wimbo wa taifa, na kila kiumbe husimama wima palepale kilipo. Hata yule aliyekuwa ameinua mguu mmoja huushusha taratibu kwa heshima. Kila kiumbe, isipokuwa mbwa. Siku hiyo mbwa mmoja wa kahawia, asiye na mwenyewe, alikuwa amenichagua katika umati mzima wa wakimbiaji. Nilikuwa nikikimbia kuokoa roho yangu wimbo ulipoanza. Mbele yangu, mikono ubavuni, alikuwa amesimama naibu wa mwalimu mkuu wetu, jicho moja kwenye bendera, jingine kwangu.

Nilikuwa na njia mbili: kulidharau taifa zima, au kutoa sadaka shavu la mguu. Nikasimama. Mbwa akafika, akapiga breki, akaninusa soksi. Kumbe mbwa naye humkimbiza anayekimbia; aliyesimama hana mpango naye. Akakaa chini kando yangu, na ili kupitisha muda, akanilamba goti. Sisi Waislamu wa Kishafii tunaijua hesabu ya mate ya mbwa: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wimbo ulipokwisha, uwanja ukaendelea na mazoezi. Mbwa pia. Jumatatu nikasifiwa kwenye kikao cha walimu kwa nidhamu.

Siri kwa mwalimu huku haipo. Wanafunzi wako kila kona, wanakuamkia kwa kukutanisha viganja kifuani, na wewe huku mikononi una mfuko wa chupi mpya. Kila mtoto ana jina fupi la nyumbani, na wazazi hawabanwi na kanuni yoyote: Golf, Bank, Ice. Mwanafunzi wangu mmoja ni Beer. Jioni moja soko la usiku nilimwona anakatiza mbele ya pikipiki, nikapaza sauti, "Beer! Beer!" Muuzaji mmoja akanijia mbio na chupa baridi na glasi ya barafu. Nyuma yake akapita mzee ambaye kila Ijumaa tunapanga naye safu moja msikitini. Nikamwonyesha mtoto kwa kidole. Mzee akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi kwa huzuni zaidi.

Songkran, mwaka mpya wao, ni Aprili 13 hadi 15, na mji mzima hurushiana maji. Mwaka mmoja Ijumaa iliangukia humohumo. Nikatoka na kanzu niliyoipiga pasi hadi ikasimama yenyewe, nikaamini heshima ya vazi itanipitisha. Bibi jirani alikuwa langoni na bakuli la maji yenye maua. Akaniomba ruhusa kwa adabu zote, akanidondoshea kidogo begani, akaniombea heri. Nikashukuru, nikainua mguu.

Nyuma yake akatokea mjukuu wake wa darasa la nne, kakumbatia bunduki ya maji ndefu kuliko yeye. Mtoto huyu mwaka mzima darasani hakunipa sentensi moja ya Kiingereza. Nilishambembeleza kwa picha, kwa nyimbo, kwa peremende. Akasimama wima, akanitazama machoni, na kwa Kiingereza kilichonyooka akasema: "Samahani, mwalimu. Maji haya yana barafu."

Akafyatua. Nikatafuta kosa la sarufi, sikuliona.