Waraka kwa Wenye Steshenari na Intaneti Kafe

Ndugu zangu,

Kwanza pokeeni shukrani. Kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, vijana wasio na kompyuta hukimbilia kwenu, nanyi huwahudumia hadi usiku. Wengi wasingefika chuoni bila ninyi.

Lakini nina neno, na kwa heshima yenu sitalizungusha. Mteja akinyanyuka kitini huacha mambo yake nyuma: barua pepe iliyo wazi, nenosiri lililohifadhiwa, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Anayekaa baada yake huvikuta vyote. Dakika za mteja mnazihesabu bila kukosea hata moja. Siri zake hamna habari nazo.

Dawa mnayo, tena ya bure. Chrome ina dirisha fiche tangu 2008: bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Madirisha hayo yote yakishafungwa, historia na vidakuzi vya humo hufutika, na aliyekuwa ameingia kwenye akaunti huwa ametoka. Fundi wenu anaweza kukitengeneza kivinjari kifungukie huko chenyewe. Ni kazi ndogo, na kutoifanya hadi leo ni uzembe.

Wala msimwambie mteja kwamba sasa amefichika kabisa. Faili alizopakua hubaki kwenye mashine mpaka zifutwe. Vyeti mlivyomskania hubaki, na alivyowatumia kwa WhatsApp ya dukani hubaki pia. Programu ya kunasa vibonyezo, ikiwamo, itasoma nenosiri lake hata ndani ya dirisha fiche. Usafi huo ni wenu. Mteja hajui hata mmeweka nini humo.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Msidhani iliandikiwa benki na kampuni za simu tu.

Basi nawaomba: wekeni dirisha fiche kwenye kila kompyuta, mkumbusheni mteja atoke kwenye akaunti zake kabla hajalipa, na msifunge duka jioni kabla ya kufuta faili za watu. Asiye tayari kufanya hayo matatu aache kupokea vyeti vya watoto wetu.

Mteja amewalipa pesa. Taarifa zake hakuwauzia.

Wenu katika kujenga,
Mteja