Gari Linalia, Mama Mkwe Anaomba

Gari la mtumba likianza kulia njiani, wote waliomo ndani huwa mafundi. Hata asiyejua boneti hufunguliwa wapi atakuapia kwamba hiyo ni altaneta.

Letu lilianza kulia tulipotoka Murang'a mjini kupanda Kangema: mimi kwenye usukani, shemeji kando yangu, na mama mkwe nyuma, upande wa kushoto. Ulikuwa mlio mwembamba wa kuvuma. Ulianza mshale ukigusa kilomita 60 kwa saa, na ukapanda kila nilipoongeza mwendo. Chini ya hapo, kimya. Kangema ndiko kwao marehemu John Michuki, mbunge na waziri wa uchukuzi, ambaye kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2004 ziliwafunga abiria wa matatu mikanda na kuyazuia magari hayo kuvuka kilomita 80. Gari langu lilikuwa kali kumshinda waziri. Lilijipangia 60.

Shemeji, aliyewahi kuwa kondakta, alitoa hukumu bila kuombwa.

"Hiyo ni fenibelti, shemeji. Imelegea."

Kona mbili mbele ikawa altaneta. Tulipoanza kuona majani chai, ikawa giaboksi, nami nikaanza kupiga hesabu ya ng'ombe wa kuuza. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa moja tu: tuongeze sauti ya redio. Lakini redio yenyewe ilizaliwa Japani, ambako FM huanzia 76, na ya kwangu hugota 90. Stesheni tunazozipenda karibu zote ziko juu ya hapo. Tukabaki na yule mama wa Kijapani anayeishi ndani ya dashibodi, ambaye kila nikiwasha gari hunisomea taarifa kwa adabu kubwa. Wajuzi huniambia anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Siku hiyo nilishuku alikuwa ameshanitajia ugonjwa na dawa yake, ila hatukuwa na mkalimani.

Mama mkwe yeye alikuwa ameanza kuomba. Kwa sauti.

Sasa, kutafuta mlio ndani ya gari kunahitaji utulivu, na hakuna mkwe mwenye akili timamu, kwa Wakikuyu au kwingineko, atakayegeuka kumwambia mama mkwe anyamaze, tena akiwa katikati ya mazungumzo na Mungu. Ikabidi uchunguzi wangu ufanyike kati ya "Amina" moja na ombi linalofuata.

Kwanza nilisimama penye kituo cha kupimia majani chai, nikaweka gia fri na kukanyaga mafuta. Injini ilinguruma vizuri, mlio haukutokea. Fenibelti, altaneta na pampu ya usukani zikaachiliwa huru kwa kukosa ushahidi, maana zote huzungushwa na injini, na zingelia hata gari likiwa limesimama. Wachumaji waliweka vikapu chini waje kutazama. Mzee mmoja aliinama, akalisikiliza gurudumu lililosimama tuli, akasema, "Kijana, hili lina njaa. Litie oili."

Tuliporudi barabarani nilifika 60, nikaachia mafuta. Injini ikashusha sauti, mlio ukabaki vilevile. Nikabadili gia nikiwa kwenye mwendo uleule, haukujali. Giaboksi ikapewa dhamana, nami nikaacha kuwauza ng'ombe. Waliobaki kizimbani walikuwa tairi na beringi.

Penye barabara iliyonyooka, dereva huwatenganisha hao wawili kwa kuliyumbisha gari kushoto na kulia mpaka polisi amsimamishe anuse pumzi yake. Kangema mtihani huo ni wa bure. Barabara inapanda kuelekea Nyandarua ikivuka matuta na mabonde, na kona zikiisha huku zinaanza kule. Ukikata kona ya kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ya upande huo ikilemewa hupiga kelele zaidi. Ukikata ya kushoto, inapumua.

Hapo ndipo maombi yaliponisaidia. Kila kona ya kulia mama mkwe alipaza sauti hadi kwa malaika wakuu. Kila kona ya kushoto alishuka hadi kunong'ona. Sikuhitaji tena kulisikiliza gari, nilimsikiliza yeye. Alikuwa amekalia ugonjwa wenyewe: gurudumu la nyuma, kushoto.

Fundi wa Kangema alipiga jeki, akashika springi kwa vidole vya mkono mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mwingine. Akanivuta nami niguse. Springi ilikuwa ikitetemeka punje kwa punje, mfano wa kinu kinachosaga mahindi. Tukahamia upande wa kulia: shwari.

"Nilisema mimi," shemeji akasema.

"Mkubwa," fundi akauliza akijifuta mikono, "unataka orijino, eksi-Japani, au ile ya kukufikisha nyumbani?"

Niliomba orijino. Ililetwa na matatu kutoka Murang'a, na kwenye gari letu hufungwa pamoja na habu yake kwa bolti nne tu. Kazi ilikuwa ndogo. Bolti zenye kutu ndizo zilizotutoa jasho. Kanisani mama mkwe alitoa ushuhuda kwamba gari liliponywa kwa maombi. Sikumbishia, kwa sababu bila hayo maombi pengine ningefungua gurudumu lisilo na hatia.

Ewe unayeendesha gari linalolia, usiwaulize abiria ni nini kinacholia. Jiulize linalia lini: likiwa limesimama? Ukikata usukani? Mwendo ukipanda? Kwenye kona ya upande gani? Ukiwa na majibu hayo, mpelekee fundi mapema. Beringi iliyochoka haiponi kwa redio wala kwa kuzoeleka. Ikiachwa hulegea, ikaila habu, na siku ya siku gurudumu linaweza kung'oka na kukutangulia kufika uendako.